Mwanakombo Niliyemtunga

Jamani, hili la kwangu mpaka leo nikilikumbuka najifunika uso na kanga hata nikiwa peke yangu chumbani, na wala sikuanguka sokoni wala sikufumaniwa. Niliaibika kwa ajili ya tanbihi, yale maandishi madogo ya chini ya ukurasa ambayo sisi watu wa sheria tunayapenda kuliko chakula.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nikapangiwa utafiti wa mirathi ya mashamba kwa wanawake, kijiji kimoja kaskazini mwa Bagamoyo. Wiki tatu zile, wallahi, sijapata tena tamu kama hizo: asubuhi natoka na daftari, kila ninapobisha hodi naambiwa "karibu mwanangu", nakalishwa jamvini, na kabla sijauliza swali la kwanza nimeshamaliza vitumbua vitatu (nilirudi chuoni sketi hazifungi). Huko ndiko mjane mmoja mpole alikonieleza, kwa sauti ya chini, jinsi kaka yake alivyolishikilia fungu lake la shamba la baba yao. "Andika, mwanangu, ila jina langu lisitoke. Nitaishi na nani mie?"

Nikamwahidi. Kwenye ripoti nikampa jina la Mwanakombo Sefu, kwa sababu tu lilinipendeza mdomoni, na chini ya ukurasa nikaweka tanbihi kwamba si jina lake halisi. Nikajiona mtafiti mahiri.

Siku ya kuwasomea wanakijiji matokeo, ofisi ya kijiji ilijaa mpaka madirishani, nami nimevaa suti nyeusi kwenye joto lile (ujinga mwingine huo), nikasoma kwa mbwembwe: "Mwanakombo Sefu alidhulumiwa shamba na kaka yake." Tanbihi nikairuka, nani anasoma tanbihi kwa sauti?

Vichwa vyote vikageukia safu ya tatu, akainuka mama mmoja wa makamo.

"Mwanakombo Sefu ni mimi, na hata shikamoo yako sijawahi kuipokea, mwanangu. Mimi na wewe tumeonana wapi?"

Upande wa pili mzee mmoja akavua kofia akaipiga pajani. "Kaka yake ni mimi, Athumani Sefu! Nimemdhulumu lini?"

"Si yeye, mzee, ni mwingine," nikaropoka, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo, maana watu wakaanza kuulizana mwingine nani, wakawa wanawataja wanawake wa kijiji mmoja mmoja, na kule karibu na mlango nikamwona mjane wangu ameinamisha kichwa, anasokota ncha ya mtandio. Wangemfikia muda si mrefu.

Nikapaza sauti: "Jina nimelitunga mimi! Kosa ni langu peke yangu!"

"Kumbe katunga!" Watu wakaangua kicheko, mwenyekiti wa kijiji akaniuliza hiyo ni ripoti ya sheria au hadithi ya kulazia watoto, na msimamizi wangu, aliyetoka Dar kwa ajili yangu, akawa anatazama dari. Machozi yalinilenga, lakini hakuna aliyetaja wanawake tena.

Mzee Athumani akarudisha kofia kichwani. "Mmesikia? Katunga."

Mwanakombo alikuwa bado amesimama. Akamgeukia taratibu. "Katunga, kaka, ni kweli. Lakini maadamu tumeshaanza kusema, ile minazi ya upande wa kisimani, aliyoniachia baba, mbona kila msimu unaangua wewe?"

Mzee akawa anaangalia vidole vya miguu yake.

Minazi ile ilirudi kwa mwenyewe, nilisikia, baada ya wazee kukaa vikao viwili. Mjane wangu hakuguswa, ila na fungu lake hakulipata, na hilo ndilo linaloniuma kuliko aibu. Ripoti niliiandika upya yote.

Sasa ni wakili, na katika tafiti zangu kuna Mama wa Kwanza, Mama wa Pili, basi. Kumpa mtu jina nimekoma. Hata binti yangu alipozaliwa, nilimwachia bibi yake achague.