Betri Niliyoianika

Cheka ukitaka, mimi sijutii. Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Bwera. Betri ya laptopu yangu ilikufa kabla waranti haijaisha. Nilipiga simu kwa kampuni mara tano, na kila mara niliambiwa nisubiri, kisha nikachezewa muziki. Mwishowe wakataka picha ya betri. Nikatuma, halafu nikaenda mwenyewe dukani kwao Kasese, tai shingoni.

Dada wa kaunta akaigeuzageuza betri. "Mwalimu, hii imevimba. Iliwekwa kwa jua?"

"Jua? Mimi nafundisha watoto umeme, dada! Mnauza takataka, halafu mnatusingizia. Leo sitoki hapa!"

"Mupe mwalimu betri yake!" mama mmoja akadakia kwenye foleni. Nikazidi kupaza sauti.

Dada akageuza kompyuta yake, wote wakaiona picha niliyotuma mwenyewe: betri yangu juu ya turubai, katikati ya kahawa ya mama yangu iliyoanikwa, imepangwa sambamba na betri nne za redio, zote zikiota jua ili zipate nguvu.



"Za redio zilipona," nikasema.