Mti wa Ukoo Ukutani

Chuoni, mkufunzi wetu alisisitiza kwamba zana bora ya kufundishia maarifa ya jamii hainunuliwi. Mtoto huja nayo kutoka nyumbani. Niliamini hivyo, kama nilivyoamini kwamba nchi yetu changa ingejengwa na walimu. Kwa hiyo, muhula wangu wa kwanza Bagamoyo, niliwaagiza wanafunzi wa darasa la sita wachore miti ya koo zao. "Waulizeni wazee," niliwaasa, "na mwandike kweli tupu. Historia haina haya."

Siku ya kuwasilisha, watoto wa mji mkongwe waliwataja mababu hadi wa saba bila kuvuta pumzi. Ikafika zamu ya msichana mmoja wa mtaa wa Dunda, hodari kuliko wote. Karatasi yake ilikuwa na jina lake, la baba yake na la babu yake. Juu ya hapo, weupe mtupu.

"Na baba yake babu?" niliuliza.

"Hajulikani, mwalimu."

Mvulana wa dawati la nyuma akacheka. "Mwaka jana huyu alijiita ndugu yetu, akitaja mababu zetu! Babu yake alinunuliwa na watu wa kwetu, majina ni ya kuazima!"

Darasa likaangua kicheko. Mimi, niliyesomea usawa wa binadamu, nikaita zamu inayofuata.

Kesho yake msichana hakuja, wala keshokutwa. Wiki ilipokwisha nilikwenda kwao. Babu yake alikuwa barazani akishona kofia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu? Nitungie uzi kwanza, macho yangu yamestaafu."

Nikatunga. Ndipo akanieleza kwamba aliletwa pwani mtumwa, mdogo hata asilijue jina la baba yake. Nyumba iliyomnunua ilimwacha huru baadaye, naye, kama ilivyokuwa desturi, akajiita kwa nasaba yao. Mjukuu alikua akiikariri nasaba hiyo kama yake.

"Kwa nini basi umemwambia sasa?"

"Alisema mwalimu anataka kweli. Na redioni kila siku mnatuambia sote ndugu. Nikadhani sasa inasemeka." Akakata uzi kwa meno. "Mwandikie majina yake ya zamani, atarudi."

"Lakini si ya kweli, babu."

"Nimeyabeba tangu ujana. Ya nani basi, kama si yangu?"

Alinitajia majina, nami nikayaandika kwenye daftari.

Jumapili nilijifungia darasani nikayanakili kwenye karatasi ya msichana, juu ya jina la babu, nikaibandika ukutani kati ya zile nyingine. Nilijiona mwongo, papo hapo nilijiona mtu anayerudisha kitu alichoiba, na sikuweza kuzitenganisha hisia hizo mbili.

Jumatatu msichana alikuja. Alisimama mbele ya ukuta akasoma kutoka chini kwenda juu, kidole kikifuata.

"Mwalimu," alisema, "babu wa tano na wa sita umewageuza."

"Kweli, mwalimu," yule mvulana akadakia kutoka nyuma. "Umewageuza."

Nilimtazama. Sikuweza kutambua kama alikuwa akimdhihaki au akimkaribisha, na nilihofu kuuliza. Nikampa msichana kalamu, asahihishe mwenyewe.