Mama Aliyekuwa Kwenye Treni

Jumatatu, kwenye foleni ya sukari ya duka la ushirika, niliwasimulia wenzangu sinema niliyoitazama mjini. Kwa mikono miwili nilionyesha daraja lilivyokatika na treni ikatumbukia mtoni ikiwaka moto. Watu walisogea karibu.

Mama mmoja wa Kinole, aliyenikalisha juu ya tenga lake tupu la machungwa, akauliza, "Mwalimu, yule mama uliyesema amepanda treni kumtafuta mwanawe, alimpata?"

Sikukumbuka.

"Ulisinzia?"

"Hapana, mama. Nilikuwa natazama moto."

"Kwetu asiyejua mwisho haanzi hadithi," alisema taratibu.

Nimefundisha watoto kusoma miaka thelathini. Niliinuka, nikamrudishia tenga lake, nikangoja zamu yangu nimesimama.