Kitanda cha Mzee Wakoli

Kile kitanda nilikitengeneza mimi, Abdihakim, katika karakana yangu hapa Kitale, na hadi leo nikikikumbuka damu inanichemka. Ilikuwa mwaka 2006. Kamati fulani ilikuwa ikiigeuza nyumba ya marehemu Mzee Wakoli kuwa makumbusho, na ofisa wake, Joan, aliniagiza kitanda cha mbao ngumu, kisha akataka kionekane kikuukuu. Nikakigonga kwa mnyororo, nikakipaka maji ya majani ya chai mpaka mbao zikapoteza ung'aavu wake. Sikuuliza ni cha nini. Kazi ni kazi, nikajiambia, mpumbavu mimi.

Nilipokipeleka kule karibu na Kimilili ndipo nikamjua Nangila. Alikuwa mjane wa mtoto wa pekee wa Mzee Wakoli. Mzee katika ujana wake aliwachochea watu wakatae kuwalimia Wazungu bure, akafungwa miaka tisa. Alipozeeka hakuwa na mtu ila huyu mkaza mwana. Kwa miaka ishirini na miwili Nangila alimpikia uji, akamfulia, akamshika mkono kwenda naye hospitali Lugulu. Kamati ikampa kazi ya kuwatembeza wageni ndani ya nyumba, maana nani mwingine angeijua?

Tulipoingiza kitanda chumbani, alibaki mlangoni. Nikamwomba aje anionyeshe kichwa kielekee wapi.

"Mimi siingiangi huko," akasema. "Hiyo ni chumba ya baba mkwe. Kwetu Wabukusu, bibi ya kijana hawezi kugusa kitanda ya baba mkwe. Ukiikalia, hiyo ni balaa ya ukoo mzima, mpaka wazee wachinje kondoo." Akakitazama kitanda changu, akakunja uso. "Lakini hii nayo ni ya nani? Mzee hakuwa analala kwa kitanda."

Akanieleza. Gerezani walimpiga mgongo ukaharibika, hakuweza tena kujinyoosha. Alilala ameketi kitini, sebuleni, na kila jioni Nangila alimfunika blanketi hapo. Kiti chenyewe Joan alikuwa amekitupa kwenye banda la kuku, eti kinanuka.

Joan mwenyewe alikuwa pale akitundika kibao ukutani: *Kitanda alichostarehea uzeeni, zawadi ya taifa.*

"Utawaambia wageni hivyo hivyo," akamwambia Nangila.

"Ati zawadi? Madam, si nyinyi tuliwaona mara ya kwanza siku ya mazishi?"

"Mama, ukishindwa kusema, tuko na wengine wa kufanya hii kazi."

Nangila akanigeukia, labda akitumaini ningefungua mdomo. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikakusanya nyundo na misumari nikaondoka. Hasira ilinishika nikiwa nimeshafika Kitale, mahali ambapo haimsaidii mtu.

Siku ya ufunguzi nilirudi, kwa sababu Joan alitaka nikaze mguu mmoja uliokuwa ukicheza. Mahema yalikuwa yamejaa, mgeni wa heshima amevaa suti, wazee wa ukoo wamepewa viti vya mbele. Nangila aliwatembeza mgeni na wazee ndani ya nyumba vizuri: hapa alikula, hapa alisomea Biblia. Kwenye mlango wa chumba cha kulala akasimama. Mgeni akasoma kibao kwa sauti, watu wakapiga makofi.

"Waelezee, mama," Joan akamhimiza.

Nangila akavua viatu, akaingia. Wanawake waliokuwa wakichungulia dirishani wakashika vinywa. Akakiendea kitanda na kukikalia katikati kabisa, mikono juu ya mapaja.

"Wazee, mnanijua," akasema. "Mimi ni bibi ya kijana yake. Kama hii ni kitanda ya baba mkwe, nimewaletea balaa. Mniinue saa hii, mlete kondoo. Na kama si yake, muambie hawa watu vile alikuwa analala."

"Mama, toka hapo! Unatuaibisha!" Joan alifoka.

Hakuna mzee aliyeingia kumtoa. Mimi niliyekijenga nilikuwa nyuma yao wote, bisibisi mkononi, na ulimi wangu ulikuwa mzito vilevile. Ningeweza kusema neno moja tu. Sikulisema, na hilo sijisamehei.

Ndipo Mzee Wamalwa, mdogo wa marehemu Mzee Wakoli, akajikongoja hadi mlangoni. Mgeni wa heshima akampisha. Wamalwa akakitazama kitanda kutoka miguuni hadi kichwani, akamtazama Joan, mwisho akamtazama mkaza mwana wao.

"Kaa tu, mama," akasema, kila mtu akisikia. "Hiyo kitanda haina mwenyewe, na wewe umechoka."