Mchunga Tanuri wa Merrylands

Nakumbuka Jumapili moja ya wakati wa korona, tumefungiwa ndani hapa Merrylands, huku ugenini, hata kanisa tunasali kwenye simu. Ibada ilipokwisha, mjukuu wangu Furaha akatangaza kwamba chuo kimempa nafasi ya kusomea usalama wa mitambo ya nyuklia, na jibu linatakiwa siku hiyohiyo.

Baba yake akaruka. "Nyuklia? Tumekimbia vita Kongo, leo binti yangu akachezee sumu? Sikubali!" Kisha akanigeukia, maana kwetu neno la mwisho ni la mkubwa. "Mama, mwambie."

Mimi, mwanangu unayenisikiliza, siamui kwa makelele. Nikamwambia Furaha, "Nieleze hicho kitu. Na Kiingereza chako kiweke kando."

Msichana huyu nikimwita kwa Kiswahili huitika kwa Kiingereza, lakini siku hiyo alijikaza. "Bibi, mtambo ukizimwa, fueli yake, yaani kuni zake, bado inatoa joto. Lazima maji yaipoze. Maji yakikosekana, joto linazidi, mirija inayoishika inapasuka, vitu vyenye mionzi vinatoka. Upepo unavibeba mpaka majumbani mwa watu. Mimi nataka kuwa wa kuvizuia."

Ebo! Nikapiga makofi peke yangu.

Kule Fizi, Kongo, mwanangu, mama yangu alikuwa mchoma makaa. Siku moja aliniacha nichunge tanuri, kuni zinazoungua polepole chini ya udongo, na mimi nina harusi ya rafiki yangu. Nikaona moshi umekwisha, nikaanza kujipaka mafuta. Mama akanikuta. "We! Moshi kuisha ndiyo moto kufa? Kaa hapo, ziba nyufa!" Nikakaa nimenuna, naziba kwa udongo kila palipopasuka, ngoma za harusi nazisikia. Jirani yetu alifukua tanuri lake mapema. Hewa ikaingia, moto ukaamka, akabaki na majivu. Letu lilitoa makaa magumu, ukiyagonga yanalia. Siku ya soko nilitembea kifua mbele, usiniulize!

Nikamwambia baba yake Furaha, "Huyu hachezei sumu. Anachunga tanuri, kama mimi na bibi yako. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ulitaka awe nani?" Akacheka kwa shida, akamwambia binti yake, "Haya, waandikie chuo, ndiyo."

Sasa nikienda dukani Auburn, mtaa wa jirani, nawasimulia hata wasioniuliza. Najivuna, ndiyo, na sijatosheka.

Basi nakuusia, mwanangu: usiache lindo kwa sababu moshi umekwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa mwingine hauachi hata mtu wa kujenga ukuta huo. Kazi ikikunyima ngoma za leo, ichunge hivyohivyo. Mungu akupe subira ya mama yangu na ulimi wa Furaha, na siku wenzako watakapolala salama bila kujua ni kwa sababu yako, wewe ujue. Amina.