Gwaride la Saa Moja

Babu yangu wa Koboko ni mwanajeshi mstaafu, na bado anataka tuitike majina kila asubuhi kama kambini. Wajukuu tisa tumetawanyika, basi nikatengeneza tovuti: saa moja kamili unabonyeza "Nipo", naye anapata barua pepe.

Lakini leo barua yangu inafika, kesho haifiki. Siku moja akanipigia simu hapa Arua.

"Wewe iko hai?"

"Hapana, Babu. Huyu anayeongea ni mzimu."

Hakucheka. Alikuwa ameshavaa viatu aje kunitafuta.

Nikaacha mzaha, nikachunguza. Kumbe kampuni inayohifadhi tovuti inaruhusu barua tano tu kwa dakika, na sisi, kwa kumwogopa Babu, tulibonyeza wote saa ileile. Wanne waliochelewa hata sekunde, barua zao zilitupwa. Nikaipanga tovuti itume barua moja kila dakika.

Nilingoja anifokee kwa kuvuruga gwaride. Akasema, "Hii iko mzuri. Sasa napata nafasi ya kuombea kila mutu."

Mimi ni wa tisa. Dakika yangu ikifika nakaa kimya kabisa, jambo ambalo walimu wangu hawajawahi kuliona.