Nyumba ya Mama Ina Magurudumu

Nyinyi wa rika langu, mliorudi Juba mkiwa watoto, mmekaa juu ya magodoro na masufuria kwenye lori kutoka Uganda, vumbi hadi kwenye kope, nyinyi hamtanicheka. Hawa wa leo wacheke tu, nimewazoea. Mdogo wangu Taban naye amejiunga nao. Amejenga nyumba ya matofali hapa New Site, ina marumaru sebuleni na geti jeusi la chuma, na sasa anataka karavani ya Mama ikatwe vipande apate mahali pa kuegesha gari lake. Nimemwambia hapana. Nimemwambia kwa Kiswahili, kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kiingereza, asije akasema hakusikia.

Karavani yenyewe ni kitu kidogo cheupe cha faiba, kimeviringika pembe zote, cha kuvutwa nyuma ya gari. Ndani ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote mbili. Malakia nzima, mtaa wetu wa zamani, walikiita Yai, na sisi tukaliita hivyo hivyo.

Mama alikuwa mpishi kwenye kambi moja ya makawaja, yaani wazungu, kule Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege. Wakati huo Baba tulikwisha kumzika Uganda, na hapa mjini tulibanana chumba kimoja cha kupanga: Mama, mimi, Taban, na Habuba, yaani bibi yetu mzaa mama. Kambi ile ilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa kila mmoja achague kitu cha kuagia. Laiti mngeona! Watu wazima walisukumana kwa ajili ya friji, wengine wakakalia jenereta lisichukuliwe. Mama akazunguka nyuma ya jiko, akanyoosha kidole kwenye karavani iliyokuwa ikiwekewa mifagio na makopo ya rangi. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Msimamizi akamuuliza kwa upole kama ana gari la kuivuta.

"Gari mimi tatafuta," Mama akamjibu. "Nyumba ndio mimi hapana iko nayo."

Kiswahili chake alikiokota kwenye kambi ya wakimbizi na sokoni, na hakuwahi kukiombea radhi mbele ya mtu.

Aliyelivuta Yai siku hiyo ni jirani yetu, dereva wa lori la maji. Kichwa cha karavani kilitengenezwa kukalia kigololi cha chuma nyuma ya gari, na lori la maji lina ndoano tu. Basi akaitwa Okello, fundi kutoka Uganda aliyekuwa akiziba boti za faiba kule mtoni. Okello alifunga mnyororo, akaweka chuma, akapachika na kipande cha tairi katikati ili visigongane, kisha akatembea pembeni njia nzima akimpigia dereva kelele "pole pole, sebo!" kama anayesindikiza bibi harusi. Mimi na Taban tulikatazwa kupanda ndani, kwa hiyo tulipanda ndani. Tulilala kwa tumbo kwenye kile kitanda kinachokunjwa kuwa meza, pua kwenye dirisha la nyuma, tukaona Thongpiny ikirudi nyuma na watoto wengine wakitukimbilia miguu peku. Kila shimo liliturusha juu. Sijawahi kupanda gari la raha kama lile, na nimepanda hilo la Taban lenye viyoyozi.

Tuliegesha Malakia, kwenye kiwanja cha mtu aliyekuwa Khartoum. Aliyekuwa akikitunza alituruhusu tukae.

Sasa faiba na jua la Juba, jamani, mnajua wenyewe. Saa sita mchana mle ndani ungeweza kuoka mkate. Mama akajenga rakuba juu yake, kile kivuli cha nguzo na nyasi, mbele wazi, na Yai likakaa chini yake kama kuku anayetamia. Halafu akamwambia Okello akate dirisha kubwa ubavuni, apate kuuza chai na maharage. Okello alikata kwa msumeno wa mkono, nasi watoto tukacheza kwenye ule unga mweupe uliokuwa ukidondoka, tukajipaka usoni, tukawa makawaja. Ole wetu! Unga wa faiba unawasha kuliko upupu. Tulijikuna tukilia, Habuba akitupaka mafuta ya simsim huku akicheka mpaka machozi yanamtoka. Siku hizi mtoto akikwaruzwa kidole mama yake anapiga picha kwanza.

Habuba lakini alikuwa na neno lake. Alikataa kulala ndani ya Yai. Alitandika mkeka nje, akasema nyumba isiyogusa ardhi ni gari, na yeye hajazeeka ili alale garini. Alitaka lifukiwe. Kwao nyumba husilibwa udongo kila kiangazi, wanawake wote pamoja, na mwisho wanachora ukuta kwa udongo mwekundu na majivu. Nyumba isiyosilibwa ni ya mtu anayejiandaa kukimbia. "Tumekimbia vya kutosha," alisema. Mama alibisha, akabisha, akakubali. Ungemjibu nini mama yako aliyevuka mpaka akikubeba mgongoni?

Wakajaza udongo mpaka magurudumu yakazama. Kusiliba ndiko kulikowashinda. Faiba inateleza, udongo ulikaa asubuhi, jioni ukaanguka wote chini mabonge mabonge. Habuba akajaribu kwa kinyesi cha ng'ombe, ukaanguka. Hapo Okello akapata akili: akapaka ile gundi yake ya boti ukutani, na kabla haijakauka akairushia mchanga wa mtoni ngumi kwa ngumi. Ukuta ukawa na meno. Udongo ukashika, Habuba akachora miduara na mistari kuzunguka nyumba nzima, akaingia ndani, akakoroma.

Ndugu zangu, maisha yalikuwa pale. Kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, ya moto ikipakuliwa kwenye sahani ya chuma, na mboga ya karanga tukiifuata kwa vidole. Mchezo wa kwepena kwa mpira wa soksi mpaka jina lako liitwe na sauti ile ambayo haisubiri. Shule yetu ya mabati, mvua ikinyesha mwalimu anakaa kimya kwa sababu hakuna anayemsikia, nasi tunaimba. Lile jiko la gesi la kawaja halikuwahi kuwaka, tuliweka vitunguu. Kabati la viatu likawa la Biblia na sabuni. Na ukirudi nyumbani unaliona dirisha kwa mbali, Mama ameinamia nje anagawa maharage, anawagombeza wateja wazima kama watoto wake.

Halafu mwenye kiwanja akarudi.

Alikuja asubuhi na wanawe, mzee mnene, wa sauti ya taratibu. Hakututukana. Alituambia anataka ardhi yake, na hilo hakuna aliyelipinga. Mama akasema sawa, tutavuta karavani yetu. Mzee akazunguka, akatazama udongo, akatazama miduara ya Habuba, akagonga ukuta kwa fimbo.

"Mama, mimi siwafukuzi kwa ubaya," akasema. "Bebeni vyombo vyenu na vitanda vyenu. Lakini nyumba ya udongo haibebwi. Imesimama kwenye udongo wangu, imesilibwa kwa udongo wangu. Inabaki."

Na ndivyo watu walivyofanya, mnajua. Ukiambiwa toka, unachukua mabati na nguzo, ukuta wa udongo unauacha.

"Hii hapana nyumba," Mama akasema. "Hii gari."

"Gari gani limeota mizizi?" mzee akauliza, na wanawe wakacheka. "Basi nakupa mpaka Jumapili. Watu wakitoka kanisani, kama ni gari, liendeshe."

Tulimgeukia Habuba sote kwa pamoja, tukiogopa atasema nini. Ni yeye aliyelifukia. Alikwenda nyuma ya rakuba, akarudi na jembe, akainua, akapiga katikati ya mduara wake mzuri kuliko yote. "Malesh," akauambia ukuta. Akapiga tena. "Malesh, malesh." Samahani, samahani. Alikuwa analia na hasimami. Mama akashika koleo, sisi tukachimba kwa sahani.

Magurudumu tuliyaona siku ya pili. Masikini! Mpira ulikuwa umeoza, vyuma vimekula kutu mpaka vinamomonyoka. Okello alileta mengine kutoka kwenye gari bovu, akayatoboa upya matundu ya nati, akalala chini ya Yai mchana kutwa akigonga na kumsemesha Mungu kwa Kiacholi.

Jumapili ikafika. Watu wa Malakia walitoka kanisani na nguo zao za kumeta wakaja moja kwa moja kwetu, hawakupita hata nyumbani kubadilisha. Mzee aliletewa kiti. Lori la maji likarudi kinyumenyume, Okello akafunga mnyororo wake na kipande chake cha tairi. Dereva akakanyaga. Mnyororo ukakaza, lori likanguruma, moshi ukatufunika. Yai halikusogea hata unywele. Dereva akajaribu tena. Wapi. Udongo ulikuwa umelishika tumbo kama mtoto anayekataa kwenda shule. Mzee akakunja nne, akatabasamu.

Mama akamwangalia dereva. "Wewe iko na nini kwa tangi?"

"Maji, Mama."

"Sasa ngoja nini? Mwaga!"

Akafungua. Maji yote yale ya kuuza yakamwagika chini ya Yai, udongo ukalainika, viatu vya kanisani vikalowa na hakuna aliyejali. Lori likavuta mara nyingine, ikasikika sauti ya kunyonya, fyuuup, na Yai likatoka. Likatoka chini ya rakuba likiyumba, nusu jeupe, nusu jekundu, udongo wa Habuba ukidondoka njiani. Jamani vigelegele! Wanawake walipiga vigelegele vya harusi. Taban, huyu huyu wa marumaru, alikuwa akirukaruka kwenye tope akipiga kelele, "Ni gari! Ni gari!" Mama hakushangilia. Alisimama mbele ya mzee, matope mpaka magotini, akamwonyesha zile nguzo na nyasi.

"Rakuba mimi naacha kwa wewe," akasema. "Hiyo ndio iko na mizizi. Kaa chini, jua kali."

Tulilivuta mpaka New Site, wakati huo ni vichaka na vigingi vya viwanja. Dirisha lile lile likauza chai na maharage kwa watu waliokuwa wakijenga, likatupa kiwanja hiki, likampeleka Taban kusoma Nairobi. Habuba alilala humo mpaka alipotuaga. Hakudai tena lifukiwe. Mama naye ametangulia, na dirisha sasa ni langu. Nimelikarabati: ndani nimetoa mbao zilizooza nikaweka rafu za bati, juu kuna sola ya taa na ya kuchaji simu za wateja, mkwaruzo wa jembe la Habuba nimemkataza fundi asiuzibe. Na kila mwezi najaza upepo magurudumu, nayapaka grisi, nalisogeza kidogo mbele na nyuma, yasizoee mahali.

Taban ndiye asiyeelewa. "Sista, hii kitu inaniaibisha bana," ananiambia kwa hicho Kiswahili alichorudi nacho. "Wasee wangu wakikuja hapa wataona nini?" Wataona maharage, waje na njaa. Juzi alinitolea hoja yake kubwa: miaka yote hii karavani haijaenda popote, kwa hiyo ni takataka. Wiki iliyopita akaleta vijana wawili na msumeno wa umeme bila kuniuliza.

Nilikuwa ndani nachambua maharage. Nilitoka na mwiko. Sikupiga mtu, msiseme mambo. Niliwaambia tu wale vijana kwamba unga wa faiba unawasha, wakamuulize bosi wao anajua vizuri, alilia wiki nzima. Wakamtazama. Taban akatazama chini, na mdomo wake ukacheza kidogo, nikaona kakumbuka. Vijana wakaondoka, yeye akabaki ameegemea geti lake.

Enzi zile hatukuwa na geti. Hatukuwa na marumaru, hatukuwa na jina kwenye karatasi yoyote ya kiwanja, na nyumba nzima ingeingia kwenye sebule ya Taban na nafasi ikabaki. Leo tuna kuta nene, kila mtu chumba chake na simu yake, tunasalimiana kwa ujumbe tukiwa kwenye ua mmoja. Siwaambii turudi kule. Namtakia mdogo wangu akae kwenye matofali yake mpaka azeeke, asisikie kamwe mtu akigonga ukuta kwa fimbo. Lakini mimi nimekulia Malakia, na sauti ya ile fimbo naijua.

Kwa hiyo Yai halikatwi. Siku wakija kumwambia Taban atoke, matofali atayaacha, marumaru atayaacha, na lile geti pia. Atakuja kwangu na mto wake chini ya kwapa. Nitamgombeza kidogo, lazima, halafu nitakunjua meza iwe kitanda. Upande wa dirisha la nyuma bado ni wake.